Ni Anemoni Zulia Yupi? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wafugaji wa Tangi la Maji ya Chumvi

Maswali yaliyokusanywa hapa ni yale ambayo wafugaji wa viumbe vya baharini huniuliza mara nyingi, na karibu yote huanza kwa namna moja: mtu ananitumia picha iliyopigwa kutoka juu, inayoonyesha duara la kijani au la kahawia lililojaa minyiri mifupi (vidole laini vya kunasia windo), kisha anauliza huyu ni nani. Picha ya namna hiyo haitoshi. Sehemu kubwa ya majibu yafuatayo inaeleza kwa nini haitoshi, na ni kitu gani kinachofaa kutazamwa badala yake.

Anemoni zulia ni mnyama wa namna gani?

Ni anemoni wa bahari mwenye sahani pana iliyofunikwa na minyiri mifupi sana, iliyosongamana kiasi kwamba ukimtazama kwa mbali unaona kama kipande cha zulia kilichotandazwa juu ya mchanga au jiwe. Mwili wake una sehemu tatu ambazo msomaji atakutana nazo katika majibu yote: kitako, ambacho ndicho anachojishikizia, shina, yaani kiwiliwili kinachopanda kutoka kwenye kitako, na sahani, ambayo katikati yake pana mdomo. Ndani ya nyama yake huishi mwani wa chembe moja unaomlisha kwa nguvu ya mwanga, na ndiyo maana hafugiki mahali penye taa hafifu.

Wengi wao ni wa jenasi ya Stichodactyla, jina lililoundwa kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya safu na kidole, kwa sababu minyiri yao imepangika kwa safu zinazotoka upande wa mdomo kuelekea ukingoni. Spishi tatu kubwa za jenasi hiyo, yaani S. haddoni, S. gigantea na S. mertensii, ndizo zinazowatatiza watu zaidi, kwa kuwa zote tatu hupokea samaki wa anemoni wa jenasi ya Amphiprion, na zote tatu huuzwa madukani kwa jina hilo hilo la zulia.

Kuna haja gani ya kujua spishi? Si wote hutunzwa sawasawa?

Hawatunzwi sawasawa. Mmoja anataka mchanga mzito, mwingine anataka mwanya wa jiwe, na wa tatu anaweza kukua hadi akapita upana wa tangi lenyewe. Tofauti hizo ndizo zinazoamua kama mnyama ataishi au atakufa.

Nililijua jambo hili kwa hasara. Nilipokuwa nikiishi Dubai niliuziwa anemoni wa kijani kibichi, kibandiko cha dukani kikisema ni gigantea, nami nikampenda kwa sababu nilikuwa na jozi ya samaki aina ya Amphiprion ocellaris ambao baharini huishi na spishi hiyo. Nikamweka juu ya jiwe, chini ya taa kali. Usiku wa kwanza alishuka. Usiku wa pili nilimkuta amebandika kitako kwenye kioo cha pembeni, na alfajiri ya siku ya tatu ukingo wake ulikuwa umenyonywa na pampu ukachanika upana wa vidole viwili. Ilikuwa wakati ninamchomoa humo, nikiwa nimeushika ukingo ule karibu na macho, ndipo nilipoona kwamba minyiri ya mwisho kabisa ilikuwa ya namna mbili, mmoja mnene na mweupe, mmoja mwembamba na wa kijani, ikipokezana mzunguko mzima kama pindo la kanga. Huyo alikuwa haddoni, mkazi wa mchangani, na mimi nilikuwa nimemlazimisha kuishi mwambani. Nilimhamishia kwenye mchanga, akapona, lakini ilimchukua wiki kadhaa kukunjuka tena kikamilifu. Samaki wangu wawili hawakumsogelea hata mara moja.

Nikiwa mbele ya tangi, nianze kutazama wapi?

Anza chini, kwenye shina, hasa ile sehemu yake ya juu inayokutana na sahani. Hapo pana vivimbe vidogo ambavyo kwa Kiswahili naviita chunjua, na rangi ya chunjua hizo ikilinganishwa na rangi ya shina ndiyo alama inayoaminika kuliko nyingine yoyote ambayo mfugaji wa kawaida anaweza kuiona bila hadubini. Rangi ya minyiri hubadilika kwa mwanga, kwa chakula na kwa afya, ilhali chunjua hazibadiliki kirahisi namna hiyo.

Shina la S. gigantea ni la rangi iliyopauka, na juu yake chunjua za buluu iliyoiva au za rangi ya damu ya mzee huonekana waziwazi hata kwa mtu aliyesimama hatua mbili kutoka kwenye kioo. Shina la S. mertensii ni jeupe, na chunjua zake ni za zambarau yenye wekundu au za rangi ya chungwa, zimejipanga kwa mistari inayoshuka. Shina la S. haddoni nalo lina chunjua ndogo ambazo rangi yake ni ile ile ya shina au imekolea kidogo tu, kwa hiyo mara nyingi mtu huona kana kwamba hazipo.

Taabu ni kwamba shina hufichwa. Kama mnyama bado yuko dukani, mwombe muuzaji akuonyeshe akiwa ndani ya mfuko wa maji, kwa sababu mfuko ukiinuliwa shina lote huonekana kwa upande. Kama tayari yuko nyumbani, subiri. Anemoni huinua ukingo wake mara nyingi kwa siku, ama kwa msukumo wa maji, ama baada ya kula, ama anapojikunja kutoa uchafu, na tochi ndogo ikielekezwa kwa ubavu wakati huo hutosha kabisa. Usimbandue kitako kwa kucha wala kwa kisu ili upate kuona. Kitako kilichochanika ndicho chanzo cha vifo vingi vya anemoni waliokuwa wazima.

S. haddoni anatambulikaje zaidi ya shina lake?

Kwa pindo nililolitaja. Minyiri ya ukingoni hupokezana, mmoja mnene zaidi na mara nyingi wa rangi iliyopauka, mmoja wa kawaida, na mpangilio huo huonekana vizuri kwa kioo cha kukuzia au kwa simu iliyosogezwa karibu. Minyiri iliyobaki ni mifupi, takriban sentimita moja au pungufu, ina ncha za mviringo, na imesongamana hivi kwamba huioni ngozi ya sahani iliyo chini yake. Aghalabu minyiri huwa ya rangi mbili kwa mabaka, kwa hiyo sahani nzima huonekana kama iliyonyunyiziwa.

Tabia yake pia husaidia. Baharini huishi kwenye maeneo ya mchanga, kitako chake kikiwa chini kabisa kimeshika kitu kigumu kilichofukiwa, na sahani imelala usawa wa mchanga. Akishtuliwa hujivuta na kutoweka ndani ya mchanga kwa haraka ambayo mtu asiyeizoea hushangaa. Upana wake hufika kama sentimita 50, na wachache huzidi hapo. Ni mlaji wa samaki. Namweka yeye mbele ya wenzake kwa hatari ya kumnasa samaki anayelala mchangani au anayetaharuki usiku, na nisingemweka pamoja na samaki wenye mwendo wa polepole.

Jina lake linamkumbuka Alfred Cort Haddon, aliyefanya utafiti katika Mlangobahari wa Torres, kati ya Australia na Guinea Mpya, na spishi yenyewe ilielezwa na mtaalamu wa viumbe William Saville-Kent mwaka 1893.

Na S. gigantea?

Huyu minyiri yake haitulii. Hata ukizima pampu zote, ukasubiri maji yatulie, utaiona ikitetemeka na kupinda yenyewe, na kwa macho yangu hiyo ndiyo dalili nzuri ya pili baada ya chunjua. Mnyiri mmoja mmoja huwa mrefu kidogo kuliko wa haddoni na hupungua unene kuelekea nchani, tofauti na ncha ya mviringo ya mwenzake. Sahani hukunjamana kwa mikunjo ya kina, kama kitambaa kilichokusanywa kwa uzi. Pindo la minyiri ya namna mbili halipo.

Hunata kwa nguvu sana. Ukimgusa kwa kidole, ngozi yako hushikwa, na ukivuta kwa pupa baadhi ya minyiri hukatika ikabaki kidoleni.

Jina lisikudanganye. Gigantea maana yake ni mkubwa kupita kiasi, lakini kwa kawaida hazidi sentimita 50, na si yeye mkubwa kuliko wote. Aliyempa jina hilo ni Peter Forsskål, mtaalamu wa viumbe kutoka Uswidi aliyesafiri na msafara wa Denmark kwenda Uarabuni na kumkuta katika Bahari ya Shamu. Forsskål alifariki Yemen mwaka 1763, na maandishi yake yakachapishwa mwaka 1775 na Carsten Niebuhr, mwenzake wa msafara aliyerudi hai. Naikumbuka habari hiyo kila ninapomwona mnyama huyu, kwamba jina tunalolitumia leo lilitoka katika daftari la mtu ambaye hakuwahi kuliona limechapishwa.

Kwa mfugaji, gigantea ni mgumu. Wengi hufika wakiwa wamedhoofika kwa safari, na anayejikunja na kutanuka mara kadhaa kwa siku, mdomo ukiwa wazi na umelegea, si wa kununuliwa hata kwa bei ya chini.

S. mertensii ni yule wa kwetu pwani?

Kati ya hawa watatu, ndiye ambaye mzamiaji wa pwani ya Afrika Mashariki ana nafasi kubwa ya kukutana naye. Huishi kwenye miteremko ya matumbawe, kitako kikiwa kimeingia katika mwanya, na sahani yake hulala juu ya mwamba ikifuata mabonde na vilima vyake. Ndiye mkubwa wa wote: sahani inaweza kuzidi mita moja. Minyiri yake kwa kawaida ina urefu wa sentimita moja hadi mbili, ncha zake ni butu, lakini haina usawa. Mingine, hasa iliyo karibu na mdomo, hurefuka kuliko jirani zake, kwa hiyo zulia lake huonekana kama nyasi zisizokatwa vizuri. Akilinganishwa na gigantea, hanati sana.

Wengi wao ni wa kahawia. Kwa sababu hiyo hawavutii wanunuzi, na kwa sababu ya ukubwa wao ningesema wasinunuliwe kabisa isipokuwa na mwenye tangi la lita elfu moja na zaidi. Jina lake linamkumbuka mtaalamu wa viumbe Karl Heinrich Mertens, na lilitolewa na mwanazoolojia Johann Friedrich Brandt mwaka 1835.

Anemoni wangu ni wa buluu. Wengine wanasema rangi hiyo ni ya gigantea peke yake. Ni kweli?

Si kweli. Haddoni na gigantea wote hupatikana kwa rangi ya kahawia, kijani, buluu na zambarau, na haddoni huonekana pia akiwa mwekundu. Rangi hupandisha bei, lakini haitoi jina.

Kuna mambo mawili ya kuangalia kuhusu rangi. La kwanza ni kupauka. Anemoni aliyepoteza mwani wake huwa mweupe, au wa manjano laini yenye kupenya mwanga, na wapo wauzaji wanaomtangaza mnyama wa namna hiyo kuwa ni wa aina adimu. Kwa hakika ana njaa. La pili ni kutiwa rangi. Wapo anemoni wanaochovywa katika rangi ya kiwandani, nao utawajua kwa sababu rangi moja imeenea mwili mzima, kuanzia minyiri hadi shina na kitako, bila baka wala kivuli, na ni rangi iliyokolea kama ya chaki za shuleni. Rangi ya asili haiko hivyo. Ukimtazama anemoni mzima kwa karibu utaona ukahawia hafifu wa mwani chini ya rangi yoyote aliyonayo.

Nina mmoja ambaye katikati ana rangi moja na ukingoni rangi nyingine, na ananata kuliko wote. Ni yupi?

Huenda ni Cryptodendrum adhaesivum, ambaye si wa jenasi ya Stichodactyla. Tazama minyiri ya katikati kwa kioo cha kukuzia: kila mnyiri umegawanyika nchani kuwa na vidole vifupi, mfano wa glavu ndogo. Minyiri ya ukingoni ni tofauti kabisa, haina matawi, ni kivimbe tu cha mviringo, na ukanda huo huwa na rangi yake. Hakuna haddoni wala gigantea mwenye minyiri yenye matawi, kwa hiyo alama hii peke yake inatosha kumaliza shaka. Hukua hadi kufikia sentimita 30 hivi, na kati ya samaki wote wa anemoni ni Amphiprion clarkii pekee anayejulikana kuishi naye baharini. Vaa glavu unapofanya kazi karibu naye.

Wangu ana upana wa kiganja tu. Ni mtoto wa haddoni?

Inawezekana, lakini mara nyingi mnyama wa ukubwa huo ambaye haongezeki mwaka hadi mwaka ni Stichodactyla tapetum, spishi ndogo iliyoelezwa mwaka 1834 kutoka Bahari ya Shamu. Minyiri yake ni mifupi mno, kama punje, na wafugaji humpenda kwa sababu hujigawa akawa wengi na hachukui tangi zima. Kwa kawaida samaki wa anemoni hawaishi naye, bali kamba wadogo kama Thor amboinensis humkalia vizuri. Mpe miezi sita. Haddoni mchanga anayelishwa ipasavyo atakuwa amekua waziwazi katika muda huo.

Ni viumbe gani wengine wanaochanganywa na anemoni zulia?

Wa kuogopwa zaidi ni Amplexidiscus fenestrafer, ambaye si anemoni bali ni jamaa wa karibu wa matumbawe. Ni sahani pana yenye vipele vifupi, inayofanana kwa kutosha na anemoni zulia hata samaki wadogo huikaribia. Kisha hujifunga polepole kama mfuko unaovutwa uzi, na samaki akabaki ndani. Dalili yake ni ukanda mtupu karibu na ukingo, usio na kipele hata kimoja. Wala ukiigusa hainati kama anemoni. Mfugaji anayenunua kiumbe hiki kwa ajili ya samaki wake wa anemoni anaweza kuwapoteza samaki hao wote katika juma moja.

Heteractis malu pia huchanganya, kwa kuwa huishi mchangani na minyiri yake ni mifupi, lakini imetawanyika, na ngozi ya sahani huonekana katikati yake. Yule ambaye vitabu vingi bado humwita Heteractis magnifica, na ambaye wataalamu sasa wanamweka katika jenasi ya Radianthus, ana minyiri mirefu kama vidole na shina lenye rangi kali moja. Ukimwona amejikunja anaweza kukupa shaka, lakini akikunjuka shaka huisha.

Na wale wanaotoka Bahari ya Karibi?

Huyo ni Stichodactyla helianthus. Ana minyiri mifupi minene, naye hukaa kwa makundi katika maji ya kina kifupi. Baharini hakuna samaki wa anemoni anayeishi naye, kwa sababu samaki hao hawapatikani kabisa katika Bahari ya Atlantiki. Wanakemia wanamjua kuliko wafugaji, kwani katika sumu yake waligundua molekuli iitwayo ShK, yenye amino asidi 35, ambayo imefanyiwa utafiti kwa ajili ya dawa za magonjwa ambayo kinga ya mwili hujishambulia yenyewe.

Je, samaki wanaokaa naye wanaweza kuniambia ni spishi gani?

Baharini, ndiyo, kwa kiasi fulani. Katika pwani yetu, Amphiprion akallopisos, yule mwenye mstari mweupe mgongoni, huishi na mertensii na magnifica tu, na Amphiprion allardi huishi na mertensii, Heteractis aurora na Entacmaea quadricolor. Kwa hiyo ukimwona akallopisos akiingia na kutoka katika zulia la kahawia kwenye mteremko wa matumbawe, umeshapata jibu. Amphiprion polymnus na Amphiprion sebae, kwa upande wao, ni wenzi wa haddoni mchangani, na Amphiprion bicinctus wa Bahari ya Shamu hukubali gigantea. Lakini Amphiprion clarkii hukaa na spishi zote kumi za anemoni wanaopokea samaki hao, kwa hiyo kumwona yeye hakukuambii lolote.

Tangini ushahidi huu hupotea. Samaki waliozaliwa katika mabanda ya kuzalishia huweza kukubali mwenyeji yeyote, na nimewaona wakilala ndani ya matumbawe laini na hata kwenye kona ya pampu.

Kunata kwa minyiri ni kipimo kizuri?

Ni kipimo dhaifu. Gigantea na Cryptodendrum hunata sana, haddoni hunata pia, lakini mnyama mgonjwa wa spishi yoyote hupoteza unataji wake. Kunata kunatokana na seli za kunasia na kuchomea windo, na mtu mwenye ngozi nyepesi anaweza kupata vipele au mwasho wa siku kadhaa. Ninatumia kunata kupima afya ya mnyama dukani, nikiwa na glavu, wala si kumpa jina.

Anemoni wangu anahamahama. Je, hiyo nayo ni dalili ya spishi?

Ni dalili kwamba hajapata anachokitaka, na jinsi anavyohama hudokeza kitu. Anayeshuka kutoka kwenye mawe kila usiku na kuukandamiza mchanga kwa kitako chake pengine ni haddoni. Anayetoka mchangani na kupanda jiwe hadi apate mwanya pengine ni mertensii. Gigantea hukubali mahali jiwe linapokutana na mchanga, penye mwanga mkali na maji yanayokwenda kwa nguvu.

Andaa tangi kabla hajahama. Funika midomo yote ya pampu kwa sponji au wavu, na haddoni mpe mchanga wa kina cha sentimita 10 hivi wenye jiwe bapa lililofukiwa chini, ili kitako kipate cha kushika.

Maji na taa vinatofautiana kwa spishi?

Kidogo sana. Joto la nyuzi 25 hadi 27, chumvi ya gramu 35 kwa kila kilo ya maji, tangi lililokomaa kwa miezi sita angalau, na taa yenye nguvu inatosha kwa wote, ingawa gigantea ndiye anayedai mwanga zaidi.

Nipige picha gani ili mtu mwingine anisaidie?

Piga nne. Ya kwanza iwe ya shina kwa ubavu, ikionyesha mahali linapokutana na sahani. Ya pili iwe ya ukingo kwa karibu, yenye minyiri kama ishirini inayoweza kuhesabika. Ya tatu iwe ya mdomo, na ya nne ionyeshe mnyama mzima pamoja na kitu alichokishikilia. Zima taa za buluu kabla ya kupiga, ubakize nyeupe, kwa sababu chini ya taa ya buluu chunjua za zambarau na za chungwa zote huonekana nyeusi. Zima pia pampu, halafu urekodi video fupi ya nusu dakika, ili anayetazama aone kama minyiri inatetemeka yenyewe.

Ninaishi karibu na bahari. Naweza kumchukua mwenyewe?

Katika hifadhi za bahari kama Malindi na Watamu, zilizoanzishwa mwaka 1968, au katika maeneo ya Hifadhi ya Bahari ya Mafia na Chumbe yaliyofungwa kwa uvunaji, kuchukua kiumbe chochote ni marufuku. Nje ya hifadhi, ukusanyaji wa viumbe vya akwaria unahitaji leseni. Nami naongeza la kwangu: mertensii mmoja mwambani ni nyumba ya jozi ya akallopisos na ya watoto wa Dascyllus trimaculatus, na ukimng'oa unawaacha wote bila kinga, wakaliwa kabla jua halijatua. Nenda wakati wa bamvua maji yakiwa yamekupwa, vaa miwani ya kuzamia, ukamtazame alipo. Hutapata mahali pazuri zaidi pa kujifunza kutofautisha shina na chunjua zake.

Nimetazama yote hayo na bado siwezi kuamua. Nifanyeje?

Usimlazimishe. Mweke mahali jiwe linapopakana na mchanga, na umwachie nafasi ya kwenda upande autakao. Mlishe kipande kidogo cha kamba au samaki mara moja au mbili kwa wiki, na usiongeze samaki wapya mpaka atulie. Weka tochi na kioo cha kukuzia karibu na tangi. Wengi huinua ukingo saa chache baada ya kula, taa zinapoanza kuzimika, na hapo utakuwa na dakika mbili tatu za kuliona shina lote.